Kiti cha Karani wa Vifurushi

Karani wa vifurushi hapa Malaba hulamba kidole kabla ya kila ukurasa wa daftari. Kwa wiki tatu nimekuwa nikimuuliza kuhusu katoni niliyoikabidhi hapa hapa iende kwa Nasimiyu wa Bumala, mteja ambaye ameshaniita mwizi mtandaoni. Kila mara huinuka, hupapasa rafu zote hadi ya mwisho, kisha hurudi kukaa akitikisa kichwa kama mfiwa. "Pole, dada. Bado haijaonekana." Leo aliona nimechoka. Akaondoa sweta aliyokuwa ameikalia, akapangusa kiti kwa kiganja. "Keti kwanza, dada, nitafute vizuri." Nikainama kuketi, nikaganda. Kiti kilikuwa katoni, na mwandiko ulikuwa wangu: Nasimiyu, Bumala. Sahani. Usiweke kitu juu.