Diski Iliyochajiwa Kutoka Malaba Hadi Jinja

Saa mbili na nusu asubuhi, katika kibanda chake cha ufundi cha Nalufenya mjini Jinja, Uganda, Hajarah Nakisige ameinama mezani, sikio lake likigusa diski ya kompyuta iliyo ndogo kama daftari la mfukoni. Anasikiliza. Mbele yake amesimama Nicanor, dereva wa lori kutoka Kenya, kofia mkononi.

"Inazunguka vizuri," anasema Hajarah. "Haigongi. Ikigonga, mimi naogopa."

Taa ya diski inawaka, lakini kompyuta haioni kitu.

Mafundi wawili wa Mbale wamekwisha kumwambia Nicanor kwamba diski imekufa, anunue nyingine. Nyingine ya nini? Humo ndimo zilimo video zote za mkewe, Metrine, aliyefariki mwaka jana. Binti yao ana miaka mitatu na haikumbuki sauti ya mama yake.

Hajarah, mwenye umri wa miaka 34, hagusi bisibisi kabla ya kumhoji mwenye mali. Mimi, mwandishi niliyeketi pembeni kumtazama akifanya kazi, mwanzoni nilidhani ni umbea tu. Kumbe kuuliza si ujinga.

"Bwana, hii diski ilikuwa nalala wapi?"

"Kabatini."

"Ikakataa lini?"

"Mwezi jana. Nikajua imeisha chaji, dada. Safari hii nikaichaji kwenye lori kutoka Malaba mpaka hapa. Siku mbili, maana foleni ya mpakani ilikuwa ndefu."

Nilicheka. Hajarah hakucheka. "Ulichaji na waya gani?"

"Huo huo hapo. Ni wa simu. Wake ulipotea wakati wa matanga, watu walikuwa wengi wakitafuta chaji."

Diski haina betri ya kujazwa. Lakini jibu la Nicanor lilikuwa na dawa ndani yake. Nyaya nyingi za simu za bei rahisi hupitisha umeme tu, hazipitishi taarifa. Diski hupata nguvu, huzunguka na kuwasha taa, ila haiwezi kuzungumza na kompyuta. Mafundi wote wawili walitumia waya aliokuja nao mteja.

"Waliamini taa," anasema Hajarah. Anatoa waya mwingine kwenye kopo la biskuti na kuuchomeka. Kompyuta inalia mara moja.

Bado orodha haionyeshi kitu. Hajarah anafungua ukurasa wa kusimamia diski, na hapo anaikuta, imetambuliwa lakini haina herufi ambayo kompyuta huiitia diski. Anaipa M. Nicanor anaigusa kwa kidole ile herufi ya kwanza ya jina la Metrine. Kisha mafaili yanajitokeza, na mkono wake unakwenda haraka kwenye kipanya.

"Hapana gusa, bwana. Kwanza tunatoa kopi."

Juu ya meza amebandika karatasi: HAPANA FORMAT BILA KUULIZA. Aliiandika kwa ajili yake mwenyewe. Miaka kumi na moja iliyopita, akiwa bado anajifunza kazi, kompyuta ilimuuliza kama afanye format, yaani aifute yote, diski ya baba yake, Maalim Isiko, iliyokuwa na rekodi za masomo yake yote ya madrasa ya Wanyange. Akabonyeza ndiyo, kisha akaijaza filamu. Maalim alifariki mwaka uliofuata. Hajarah anasema jambo hilo linamuuma mpaka leo, na ninamwamini.

Kazi humpa kama shilingi laki sita kwa mwezi, umeme ukiwa mwema. Sehemu anaiweka anunue mashine ya kuokoa mafaili, kisha afungue meza Mbale, watu waache kuzika diski zilizo hai.

Kopi mbili zinakamilika. Nicanor anachagua video moja. Mwanamke yupo jikoni, mwiko mkononi. "Nicanor, zima hiyo kitu, ugali inaungua," anasema, na anacheka.

Nicanor anaketi juu ya kreti ya soda. Anafuta macho kwa kofia.

"Rudisha tena, dada."

Hajarah anarudisha mara tatu, bila kuharakisha. Lori linapoondoka, namuuliza kuhusu diski ya Maalim. Anafungua droo. Ipo, imefungwa katika kitambaa. Filamu zilifunika karibu kila kitu.

"Dakika nne nilipata," anasema. "Baba anafundisha, halafu anakohoa, anaita jina langu nilete maji. Hizo zingine natafuta."