Nilimwambia mama wa watu amekonda, mbele ya mume wake

Wakuu, heshima zenu. Niko Goma, kwa hiyo mutavumilia Kiswahili chetu cha huku. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na ningekuwa nadanganya ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mwaka ule vita vilipowasukuma watu wa Rutshuru na Masisi mpaka kwetu, nilipata kazi ya kuzunguka kambini na fomu, kuuliza maswali. Research ilihusu namna mutu anavyouona mwili wake.

Ndiyo. Kambini. Watu wanalala juu ya mawe ya volkano, sisi tunawauliza kama wanapenda umbo lao. Nilikuwa na watoto wa kulisha, sikubishana.

Tulibeba karatasi yenye picha tisa. Ya kwanza mutu mwembamba kama ufito, ya tisa mutu wa kujaza mlango. Swali: "Wewe ni picha gani?"

Siku ya kwanza wote walichagua namba moja.

Kulikuwa na papa, yaani baba mmoja, mwenye kitambi cha kutangulia, naye akaweka kidole kwenye moja. Nikamtazama. Akasema, "Hii ni tumbo ya mawazo. Andika."

Walidhani ni liste ya kugawa unga, mwembamba njo (ndiye) atapewa kwanza. Ningekuwa mimi ningesema sifuri.

Chef wetu, mukubwa wa kazi, akakasirika. Akaamuru: waambieni kwanza hakuna chakula, na mutu akikosea, mumurekebishe.

Siku ya pili tukawaambia. Wamama wote wakahamia saba na nane.

Huku kwetu mwanamke akikonda watu wanasema mume hamutunzi, ama yuko na ugonjwa. Sasa kama hakuna unga, mutu ajiaibishe bure kwa nini?

Njo nikafika kwa Mama Neema, aliyekuwa akiuza maharagwe kwao Kiwanja, kule Rutshuru. Mume wake alikaa pembeni. Alikuwa amefika jana yake tu. Walipotezana njiani wakikimbia, miezi nane hawakuonana.

Mama alikuwa amefunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, jua la saa sita. Mashavu yalikuwa yameisha. Niliona yote hayo na sikuwaza kitu.

Akachagua saba.

Mimi, mtumishi mwaminifu wa sayansi, nikasema: "Hapana mama, angalia muzuri. Wewe uko mbili. Ni hivi vitenge tu." Na nikavihesabu kwa kidole. Wakuu, nilivihesabu kwa sauti.

Mama akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Mwanangu, ulikuwa na haraka gani? Nilitaka anizoee kwanza."

Aisee. Nilitamani yale mawe yanimeze.

Mume akasimama, akachukua karatasi mkononi mwangu. Akaziangalia picha zote tisa, moja moja. Nikajua nimevunja nyumba ya watu.

"Tangu jana namuangalia," akasema. "Unafikiri mimi ni kipofu?" Akaweka kidole kwenye saba. "Huyu njo muke yangu. Andika."

Na mimi, kwa ujinga wangu wote, nikamjibu: "Papa, swali ni yeye anajionaje, siyo wewe."

"Yeye amekuambia saba. Nani amekuambia mbili?"

Nikaandika saba. Mama alikuwa analia, mume amemshika bega, na mimi nikaondoka bila kuaga.

Jioni chef akaniuliza kwa nini sikumurekebisha yule mama. Nikamwambia nilirekebisha, nikarekebishwa. Hakucheka.

Nilichojifunza: mutu ameacha nyumba, shamba na ng'ombe, amebaki na mwili na namna anavyouona. Hicho usimunyang'anye. Macho unayo, hata yeye anayo. Nyamaza.

Sasa nisaidieni. Dada yangu mukubwa anafika juma lijalo kutoka Bunagana, tangu vita hatujaonana, na wanaomuona wanasema amebadilika sana. Nyinyi muliokutana na watu wenu baada ya kukimbia, muliwaambia nini kwanza? Nipeni maneno, maana mimi mwenyewe sijiamini.