Jumapili za Baba na Meza ya Valletta

Enzi zetu, wenzangu, Jumapili haikuishia kanisani. Ibada ikiisha tu, baba alikunja mikono ya shati, akatutazama sisi watoto watatu, akasema, "Haya, twendeni tukautembee mji wetu kama wageni." Tulikuwa Wataita wa Makupa, baba karani bandarini, na Mombasa ile tuliijua kwa miguu. Tulikata vichochoro vya Mji wa Kale tukitazama roshani za mbao na milango ya nakshi, harufu ya iliki ikitufuata kila kona. Tukifika Fort Jesus, baba alituonyesha kuta kwa nje na kutueleza habari za Wareno, nusu za kweli, nusu katunga mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utalii wetu.

Watoto wa siku hizi wakiletewa chakula hupiga picha ya sahani, kisha yao wenyewe na sahani, mpaka chakula kinapoa. Chetu hakikuwahi kupoa. Viazi karai vya moto kwenye gazeti, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa pilipili na ndimu, na ukwaju wa baridi wa kuzima moto mdomoni. Tulikula mpaka tukaanza kusoma matangazo ya vifo chini ya mafuta.

Ila baba alikuwa na tabia moja iliyotukosesha raha. Yeyote aliyepita tukiwa tunakula, baba alipaza sauti, "Karibu!" Desturi ya pwani mwaijua: wewe unakaribisha, mwenzio anajibu "Starehe!" na kwenda zake. Sisi tulikuwa tukimwomba Mungu kimoyomoyo mpita njia ajibu hivyo. Siku moja mzee mmoja muuza kofia hakujibu. Aliketi, akanyoosha mkono, akala viazi vyangu vitatu kati ya vinne! Nilinuna mpaka nyumbani. Mama akaniambia, "Kaa na uso huo huo, ukukaukie." Baba akacheka, akasema anayekaribisha kwa mdomo huku ameficha sahani, huyo hajakaribisha mtu.

Sasa nina miaka ishirini huku Fridley, Minnesota, Marekani, nauguza wazee. Huku utamkaribisha nani? Nala ndani ya gari, hita inanguruma, vioo nimefunga, dakika kumi na tano kabla ya shifti. Nikimpungia mtu mkono aje tule, si ataita polisi?

Baba alifariki miaka saba iliyopita. Karatasi zangu za kuishi Marekani zilikuwa bado. Ningetoka, nisingerudi kwa binti yangu Neema. Sikwenda kumzika. Karatasi zilipotoka nikaona haya. Ningemtazamaje mama usoni? Neema akiuliza lini tutakwenda kwetu, nilisema nauli ni ghali. Mwaka baada ya mwaka, nauli ni ghali.

Basi msimu wa joto uliopita, kabla Neema hajaenda chuo, nikamwambia achague mahali tutembee sisi wawili. Akachagua Valletta, mji mkongwe wa kisiwa cha Malta, aliouona kwenye simu. Nikakubali haraka. Na nauli yake, wala msiniulize.

Jamani, mji ule! Mawe rangi ya maandazi, vichochoro vya ngazi vinavyoshuka mpaka baharini, na juu, roshani za mbao. Ngome nayo ipo, imekaza macho baharini. Kila kona nilisimama, nikitaka kumwonyesha baba. Neema, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza mara tatu kama miguu inaniuma.

Mchana tuliketi kwenye mkahawa, meza iko nje kichochoroni. Tukaletewa mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, na sungura wa mchuzi mzito. Neema akaanza kupiga picha zake. Mzee mmoja mwenye fimbo akapita, nusura aguse meza yetu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. "Karibu!" nikasema, na kiti nikakipigapiga.

Mzee akasimama, akatabasamu, akaketi.

"Mom!" Neema alinong'ona, uso umemwiva. Mimi nikamkatia mzee mkate. Angefanya nini maskini, na nimemwita mwenyewe? Akala polepole, kisha akatuuliza kwa Kiingereza tumetoka wapi. Minnesota, Neema akajibu. Mzee akanigeukia. Na wewe, mama, kwenu hasa ni wapi? Nikamwambia Mombasa. Umemwacha nani huko?

"Baba yangu," nikasema. "Leo Jumapili, atakuwa Mji wa Kale anatembea."

Neema akaweka simu mezani. "Mom," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, taratibu, "babu alikufa."

Nililia pale pale, mbele ya sungura wa watu. Mzee alinisogezea maji.

Enzi zetu mtu akifiwa, mtaa mzima ulikaa naye. Mikeka uani, masufuria ya kuazima, majirani Waislamu wakipika pamoja na mama zetu, na watoto tukitumwa maji mpaka tukachoka. Aliyekuja kwa kuchelewa aliangua kilio tangu njiani, na wenye msiba wakatoka kumpokea. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Siku hizi tunazika kwa simu. Baba nilimzika nikiwa kwenye maegesho ya kazini, simu nimeiegemeza kwenye usukani, mtandao unakatika kila mchungaji akifungua mdomo. Kisha nikafuta uso, nikaingia ndani kumpima mgonjwa presha. Watu husema teknolojia imetusaidia sana sisi wa ughaibuni. Mimi ilinisaidia kurudi kazini kwa wakati, basi.

Nimekata tiketi mbili za Desemba. Tukitua Mombasa hatulali, tunapanda moja kwa moja hadi Wundanyi, kwetu Taita kwa mama, maana huko ndiko baba alikolazwa. Juzi nikampigia mama, nikamweleza yote, nikangoja anigombeze.

"Ukifika pale njia panda ya nyumbani," mama akasema, "anza kulia, mwanangu. Usione haya. Tutakusikia, tutatoka kukupokea."