Uchumi Aliouchagua Lakica

Alal alikuwa askari wa barabarani, na kwa miaka mingi alikuwa jirani yangu katika kambi ya polisi ya Nsambya, jijini Kampala. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mwembamba, kiasi kwamba jioni akirudi kutoka zamu nilimsikia akivua viatu. Alivua kimoja, kisha kimya kirefu, kisha cha pili. Mume wangu alikuwa akisema mama huyu hulala katikati ya viatu viwili, na sidhani kama alikuwa anatania.

Mumewe, Sulaimani Ojera, naye ni polisi, lakini alihamishiwa Karamoja mtoto wao akiwa bado mdogo, na tangu hapo akawa baba wa likizo. Ojera ni Mwislamu wa Gulu, Alal ni Mkatoliki wa Kitgum, na binti yao wa pekee, Lakica, alikwenda kanisani na mama yake na kufunga na baba yake kila Ramadhani iliyomkuta baba nyumbani. Pale kambini nyumba za namna hiyo ni nyingi na hakuna anayeshangaa. Tumetoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo watoto wetu hukua na Kiswahili cha uani, na Lakica alikijua kabla ya Kiacholi cha wazazi wake.

Alikuwa msichana wa maneno machache. Alipokuwa kidato cha tano, kampuni moja ya simu ilitangaza kuuza hisa kwa wananchi, na redio hazikuwa na habari nyingine. Lakica akamuuliza mwalimu wake wa uchumi: ni nani hasa anayekaa chini na kuamua hisa moja iuzwe bei gani? Mwalimu akamweleza kwamba kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Wanafanya kazi katika benki za uwekezaji, benki zisizo na foleni wala dirisha la kuwekea akiba. Hizo huyasaidia makampuni kutafuta mtaji, kuuza hisa na hatifungani, yaani hati za mkopo, hata kununuana. Jioni ile Lakica alimwambia mama yake kwamba amejua anachotaka. Alal alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Akamwambia vizuri, akamwomba amwongezee maji ya moto.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Lakica alikuwa amefaulu sana hisabati na uchumi. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Baba yake alipiga simu kutoka Moroto, huko Karamoja, akitaka binti asomee ualimu, kwa sababu mwalimu huajiriwa na serikali na akizeeka hulipwa pensheni. Watu wa kambini walisema asomee usimamizi wa biashara, kwa kuwa jina lake linaeleweka. Lakica mwenyewe alitaka uchumi, lakini alipoangalia kozi za Makerere aligundua kwamba uchumi si mmoja. Kulikuwa na uchumi wa kawaida, wenye maandishi na nadharia nyingi, na kulikuwa na uchumi mwingine uliojaa hesabu na takwimu. Ni upi ungemfikisha alikotaka kwenda? Hakujua, na kambi nzima haikuwa na mtu wa kumuuliza. Ungetaka kujua namna ya kuingia jeshini, au uuguzi, au magereza kule Luzira, ungegonga mlango wa pili tu. Kwa hili hatukuwa na mlango wa kugonga.

Alal alikuwa akiongoza magari kwenye njia panda moja chini ya Nakasero. Miongoni mwa waliopita pale kila asubuhi alikuwepo Mkenya mmoja aliyezoea kushusha kioo na kumwambia, "Habari ya kazi, afande." Kwenye kioo cha mbele cha gari lake kulikuwa na kibandiko chenye jina la kampuni. Alal alimtajia Lakica jina hilo. Lakica akalitafuta kwenye simu, akamwambia, "Mama, hao ndio wenyewe."

Kesho yake Alal alimsimamisha.

Alinisimulia mwenyewe, tukiwa tunaanua nguo. Yule bwana alishusha kioo akauliza kosa lake ni nini. Alal akamjibu kwamba hana kosa, ila anataka kumuuliza jambo. Mkenya yule alimtazama kidogo, kisha akatoa leseni yake, na chini ya leseni alikuwa amekunja noti.

"Sijawahi kuona aibu kama ile, Mama Okinyi," Alal aliniambia. "Na kinachoniuma ni kwamba hakukosea sana. Wapo wenzetu wanaoanza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo."

Aliirudisha noti ndani ya gari kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mdudu kwenye nguo. Akamwambia, "Nina binti. Anataka kusomea uchumi ili afanye kazi kama yako, na mimi sijui nimwambie nini."

Nyuma yake magari yalikuwa yameanza kupiga honi. Yule bwana aliinamisha macho, akatoa kadi yenye jina lake, Ulrich Oyugi, akamwambia waende ofisini kwake Jumamosi. Alisema samahani mara mbili kabla ya kuondoa gari.

Jumamosi hiyo Alal alivaa gauni lake la kitenge la kanisani. Ofisi ilikuwa ghorofani, na ingawa ilikuwa siku ya mapumziko, vijana kadhaa walikuwa wameinamia kompyuta, kando yao sahani za chipsi zilizopoa. Hakuna aliyeinua kichwa. Bwana Oyugi aliwakaribisha kwenye chumba chenye meza ndefu, akawaletea maji, akaanza kueleza kwa utaratibu, kwa Kiswahili chake kizuri cha Kisumu.

Alisema jina la shahada peke yake halimpi mtu kazi. Pale ofisini kwake walikuwepo waliosomea sheria, uhandisi, hata mmoja aliyesomea kemia. Lakini kama Lakica anaupenda uchumi, basi achukue ule wenye hesabu na takwimu, kwa sababu siku ya kwanza tu atawekwa mbele ya tarakimu. Tena ajifunze uhasibu pembeni, maana mchumi asiyeweza kusoma vitabu vya kampuni na kuona ugonjwa wake uko wapi, hawana la kufanya naye. Baada ya shahada ipo mitihani ya kitaaluma inayokula miaka. Na nafasi ni chache. Kampuni za namna hiyo hapa Kampala si nyingi, na vijana wengi wenye shahada nzuri huishia kwenye benki za kawaida, bima, au mamlaka ya kodi.

"Hilo si baya," alisema, "lakini ujue mapema, usije ukaona umedanganywa. Ukiwa na hesabu, tukikukosa sisi utapata pengine. Sasa katika mwaka wa pili jitahidi..."

Akanyamaza. Kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani. Lakica alidhani anafikiri, kisha akasikia pumzi yake. Akamgeukia mama yake, na Alal akamwashiria amwache. Wakakaa wakimtazama mtu mzima, mwenye shati safi na saa nzuri, amelala ameketi wima mbele ya wageni. Alal aliniambia alitamani kumwekea kitu chini ya kichwa.

Alipozinduka aliendelea kuzungumza, ila alirukia jambo jingine kabisa. Kisha akaona nyuso zao.

"Nililala?"

"Kidogo," alisema Alal.

Bwana Oyugi alijipangusa uso kwa viganja. Walikuwa wanamalizia kuuza hatifungani za kampuni moja, akasema, na hakumbuki lini mara ya mwisho alikula chakula cha mchana nyumbani. Hapo Alal akauliza swali lake pekee siku ile. Alitaka kujua mtu wa kazi hii hupumzika lini.

"Mama, wewe zamu ikiisha unamwachia mwenzako barabara," alijibu. "Huku hakuna wa kumwachia. Mteja akipiga simu Jumapili, basi Jumapili imekwisha."

Walirudi kwa miguu. Karibu na Clock Tower goti la Alal likakataa, wakakaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara. Hapo ndipo walipogombana, kwa sauti za chini, kama watu wanaopanga bei. Alal alimwambia binti yake aachane na jambo hili, asomee ualimu kama baba anavyotaka, apate likizo tatu kwa mwaka.

"Nimesimama juani miaka yote hii ili wewe ukae," alimwambia. "Sikusimama ili ukae mpaka usinzie mbele za watu."

Lakica akasema, "Na wewe pia hulala umekaa, mama. Kila jioni nakuona. Kama kuchoka ni lazima, niache nichokee kitu nilichokichagua."

Alal alitazama magari, na kwa mazoea akaona dereva mmoja aliyepita kwenye taa nyekundu, akamwacha aende.

Ojera akapigiwa simu, akaelezwa yote. Ndipo akasema kwamba yeye maisha yake yote amechaguliwa kila kitu, hata mahali pa kulala, kwa hiyo mtoto achague. Lakica akaandika uchumi wenye hesabu kuwa chaguo lake la kwanza, akaupata.

Haukuwa mteremko. Mwaka wa kwanza alianguka somo moja la hesabu, yeye aliyekuwa wa kwanza shuleni, akalirudia pamoja na watoto waliokuja nyuma yake. Alikuwa akisomea uani kwangu kwa sababu kwao mama amelala. Nilimwona akifuta, akiandika tena, akifuta. Sikumsikia akilalamika, lakini kicheko chake kilipungua, na alianza kuzungumza kama mama yake, sentensi fupi fupi, kama anayetunza pumzi.

Katikati ya masomo yake Alal aligundua kwamba gari la Bwana Oyugi halipiti tena. Mwanzoni alidhani amebadilisha njia. Lakica alipokwenda ofisini kuomba nafasi ya mafunzo, akaambiwa bwana huyo aliugua moyo, daktari akamwamuru apumzike, akarudi kwao Kisumu na mkewe. Mtu mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti chake, naye hakuwa na nafasi ya mwanafunzi. Alal alinijia jioni hiyo, akakaa kwenye kigoda changu. Niliinjika chai. Alipokwisha kunywa alisema tu kwamba mtu yule alikuwa na adabu.

Lakica alizunguka ofisi nyingine, akakataliwa, akazunguka tena. Mwisho kampuni ndogo ya uwekezaji ikamchukua kwa mafunzo, na alipohitimu ikamwajiri kwa mkataba wa mwaka. Kambini tulifurahi, tukapika wali, na Ojera akaja akiwa na mbuzi. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kukaa na wakubwa kupanga bei. Alikuwa akipewa majedwali yaliyojaa tarakimu ayakague, ayarekebishe, ayarudishe, kisha yanarudi tena na maelekezo mapya. Aliondoka kabla wanangu hawajaamka. Siku moja ya Jumapili nilimkuta bombani akijaza mtungi, macho yamemzama. Nikamuuliza kama hii ndiyo kazi aliyokuwa anaitaka siku zote zile.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo hii hii. Ila nilidhani nikiipata sitachoka."

Nikamuuliza kama anajuta. Alifunga bomba, akafikiri, akatikisa kichwa. Alisema kuna siku moja walikwenda kumweleza mteja hesabu zao, na mkubwa wake alipokwama kwenye swali akamgeukia yeye, naye alikuwa analijua jibu kwa sababu alilikokotoa kwa mkono wake. Alisema siku hiyo alipanda ngazi za ofisi bila kuzihisi. Siku nyingine anazihisi.

Mwaka huu magoti ya Alal yalimshinda kabisa, akaomba kustaafu mapema. Nyumba za kambi ni za kazi. Kazi ikiisha, unatoka. Aliamua kwenda Gulu, ambako Ojera amejenga vyumba viwili na naye anakaribia kumaliza utumishi. Lakica akapanga chumba Kawempe, hapa hapa Kampala. Kwa hiyo lori lilipokuja, vitu viligawanywa uani: vya Gulu upande huu, vya Kawempe upande ule, na mama na binti wakibishana taratibu juu ya masufuria.

Tulikuwa tunabeba godoro, mimi na Lakica, simu yake ilipolia. Aliegemeza upande wake ukutani akapokea. Nilimsikia akisema ndiyo bwana, akitaja asilimia fulani, kisha akauliza kama wanaweza kumsubiri afike kwenye kompyuta. Dereva wa lori alianza kupiga honi na jua lilikuwa limepanda. Mmoja wa wapagazi akauliza kwa sauti huyu dada anasaidia au hasaidii.

Alal alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva, miguu yake imenyooshwa.

"Mwacheni," alisema. "Yuko kazini."

Nikamwita mume wangu, tukalipandisha godoro wawili.