Mshona magunia wa Kolwezi aliyeandikwa jina la wifi yake marehemu

Saa mbili asubuhi, nyuma ya soko moja la Manika mjini Kolwezi, Bilkisi Assumani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sindano ndefu mkononi. Sindano hiyo aliichonga mwenyewe kutoka waya wa gurudumu la baiskeli. Mbele yake kuna rundo la magunia matupu yaliyorudi kutoka migodini, bado yana vumbi la kijani la mawe ya shaba.

Anaziba tundu, anakata uzi kwa meno, anatupa gunia pembeni, anavuta jingine. Siku nzuri huziba arobaini, kila moja kwa faranga mia mbili, na jioni anarudi nyumbani na unga, mkaa na samaki mkavu kidogo.

"Bilkisi!" mgeni anamwita, anataka kumpiga picha.

Hageuki. Mgeni anarudia, na safari hii anayesimamisha mikono ni jirani yake, Mama Simone, muuza uzi.

"Tata, hapana kumuita vile," anasema kwa sauti ya chini. Tata huku ni baba, kwa heshima. "Hapa tunamuitaka Mama Rehema."

Bilkisi amesikia vizuri. Anaeleza baadaye kwamba siku hizi akiitwa kwa jina husubiri kidogo, ahakikishe kwanza anayeitwa ni yeye. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzima wa akili na mwepesi wa utani, anasema maneno hayo bila hata kutabasamu.

Kwa kazi yake, alikuwa mwangalifu na majina tangu zamani. Wachimbaji wadogo huandika majina yao kwa rangi juu ya magunia, ili mizigo isichanganyike kwenye lori. Shimo likiporomoka na mwenye gunia akabaki chini, gunia halitupwi, kwa kuwa ni mali. Bilkisi huligeuza ndani nje, jina lifichike, ndipo analishona na kuliuza.

"Jina ya maiti haitembeake juu ya mugongo ya muntu muzima," anasema. "Ile nilifundishwa na mama yangu."

Yaliyomkuta yeye yalianza na fomu. Mumewe, Alimasi Lukumbi, alikuwa dereva wa malori ya shaba kutoka Fungurume hadi mpakani. Miaka mitatu iliyopita alifika Kanada, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama, na mara tu karatasi zake zilipokaa sawa akaanza kumwombea mkewe na binti yao Rehema wamfuate.

Kwao, familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, mke haachi jina la baba yake kwa sababu ameolewa. Lakini wenzake Alimasi wa kiwandani walimwambia kuwa huko mke hubeba jina la mume na faili huenda haraka. Akaandika: Bilkisi Lukumbi.

"Hakuniuliza," anasema Bilkisi. "Nilipomuuliza, akajibu: mukono iliandika yenyewe."

Alimasi alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba Bilkisi Lukumbi alikuwapo tayari. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyekufa kwa homa mwaka 2009 akiwa na miaka kumi na tisa. Ndiyo maana siku Bilkisi alipoingia nyumba ile kama bibi harusi, mama mkwe wake, Mama Nuru, hakumwita kwa jina. Alimwita Mwali, na mtoto alipozaliwa akamwita Mama Rehema. Miaka minane jina Bilkisi halikutamkwa ndani ya nyumba, na mwenyewe hakuona ubaya. Mama aliyefiwa na binti ana haki ya kuogopa sauti fulani.

Kisha ikaja barua kutoka Kanada. Jina la kwenye faili halikulingana na la kwenye pasipoti. Alipewa siku sitini kurekebisha, la sivyo faili lingefungwa na kila kitu kianze upya. Bilkisi aliisoma barua kwenye simu, kwa sauti, na jina Bilkisi Lukumbi ndani yake, jikoni, Mama Nuru akichagua mchele.

Mama Nuru aliweka ungo chini. Akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bilkisi, umerudia." Yaani, umerudi.

Kwa watu wengi wa huku, anayepewa jina la marehemu huamkiwa kama marehemu mwenyewe. Kwa kawaida hufanyiwa mtoto mchanga, na watu hucheka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Nuru alianza kumwekea ukoko wa wali, chakula alichokipenda yule wa kwanza. Bilkisi hajawahi kuupenda. Siku ya nne alijikuta ameumaliza wote na anakwangua sufuria.

Asubuhi moja, akikoroga uji, alisikia Mama Nuru akimuuliza nyuma yake, "Ufunguo ya sanduku uliweka wapi?"

"Chini ya jiwe ya mulango," akajibu, bila kugeuka.

Sanduku lile la bati la marehemu halikuwa limefunguliwa tangu 2009. Mama Nuru alichukua kisu, akachimba chini ya jiwe la kizingiti, akatoa ufunguo uliokula kutu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitenge kimoja na ushungi mweupe. Akavifua, akavianika, na jioni Bilkisi akavikuta vimekunjwa juu ya kitanda chake.

"Mi sikuyua," anasema, na sindano inasimama hewani. "Naapa. Kinywa njo ilisema." Yaani kinywa ndicho kilichosema. Labda aliwahi kumsikia Alimasi akitaja mahali pa ufunguo, pakamkaa kichwani. Yeye mwenyewe angependa iwe hivyo. Alimasi anasema hakuwahi kujua ufunguo ulipokuwa.

Alikwenda hata hivyo kwenye ofisi ya hati, aandikwe Lukumbi ili hati zake zilingane na faili. Siku zilikuwa zinakwisha, na mume ni mume. Karani, Tata Badibanga, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua daftari kubwa ili aone kama jina lina mgogoro. Kidole chake kikashuka ukurasa mzima, kikakwama.

"Mama, huyu alikufaka."

Baba yake Alimasi alikuwa ameandikisha kifo kile ili apate msaada wa mazishi kazini kwake. Karani alisema jina linaweza kubadilishwa, lakini mtu wa familia ya Lukumbi aje aape kwamba anamtambua. Mama Nuru alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Jioni ile Alimasi alipiga simu. Bilkisi alimweleza habari ya daftari. Sauti ya mumewe ikaja laini, ya utoto, sauti asiyoijua: "Yaya, usiogope."

Yaya ni dada mkubwa. Alimasi alikohoa, akaomba radhi, akasema ni uchovu. Bilkisi alikata simu na kukaa sakafuni. Rehema alikuja kumshika bega na kumwita shangazi. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha.

"Pale njo niliona fasi tunaenda," anasema Bilkisi, yaani mahali wanakoelekea. "Karatasi ilikuwa ya kunipeleka ku bwana yangu. Kumbe itamupelekea dada yake. Sasa dada atalala fasi gani? Na mutoto yangu atakuwa wa nani?" Anakiri kwamba hajawahi kuogopa namna ile, hata siku shimo la Kasulo lilipomeza kaka yake.

Hata hivyo kesho yake walikwenda ofisini, yeye na Mama Nuru. Tata Badibanga akauliza, Mama Nuru akajibu kwa sauti imara. Mahali pa kuzaliwa: Kindu. Bilkisi alizaliwa Kasongo. Mwaka: 1990. Bilkisi alizaliwa 1993.

"Una hakika, Mama?" karani akauliza.

"Nilimuzaa miye mwenyewe."

Kalamu ikasimama. Karani alimtazama Bilkisi, akingoja akanushe. Bilkisi anasema kwa muda wa pumzi mbili tatu hakuweza. Kindu, mji ambao hajaukanyaga, ulianza kumjia na harufu yake ya mto na mawese. Akauma ulimi mpaka damu ikatoka.

"Tata, acha," akasema. "Mi ni mutoto ya Assumani. Pasula ile karatasi."

Karani aliichana. Kisha, bila kuombwa, akamsaidia kuandika barua ya kueleza kwamba mume alikosea, kwamba mke anabaki na jina la baba yake, akaambatanisha cheti cha ndoa. Aliwaonya kwamba kusahihisha namna hiyo kunaweza kurudisha faili nyuma mwaka mzima, na kwamba huenda likakataliwa.

Mama Nuru alilia njia yote, juu ya pikipiki ya teksi, mikono imemzunguka mkwewe kiunoni. "Umeniulia mutoto mara ya pili," alimwambia. Bilkisi anampenda mama yule, na maneno hayo yanamuuma mpaka leo. Kitenge na ushungi vimerudi sandukuni. Ukoko bado unawekwa kwenye sahani kila siku, na hakuna anayeugusa.

Barua imeondoka siku arobaini na moja sasa, jibu halijafika. Bilkisi anaendelea kushona, na anajifunza Kifaransa cha karatasi kwa Tata Badibanga kila Jumamosi, ili fomu nyingine ajaze mwenyewe.

Akiulizwa atafanya nini siku atakayoshuka kwenye ndege, hasemi habari ya baridi wala ya nyumba. Anasema atasimama mbali kidogo na Alimasi, mtoto mkononi.

"Aniite kwanza, jina yote mbili, Bilkisi Assumani, kabla ya kunigusa," anasema. "Na mi nisikilize nani anaitika."