Kifusi cha Wageni

Kichaka cha bogenvilia cha mama kilipukutisha majani yakiwa bado mabichi. Hilo ndilo lililonishtua. Jani lililozeeka hugeuka njano kwanza. Haya yalilala chini yakiwa ya kijani kabisa, kama yaliyochumwa.

Ilikuwa karibu na sherehe ya kumuaga mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa anaolewa Bukoba. Nyumbani kwetu Igoma mtu hatoki kwenda kuanza kwake bila tawi la kichaka kile. Mama alikuja nalo akiwa bibi arusi, akavuka nalo ziwa kwa kivuko cha Kamanga, likiwa limeviringishwa kwenye kitenge kilicholoweshwa. Alipofariki, baba akiwa ametangulia, niliacha shule kidato cha pili, nikashika cherehani na kulea wadogo zangu wawili. Wa kiume alipohamia Geita nilimkatia tawi lake. Alikaa chumba cha kupanga, likamkaukia ndooni. Kwa hiyo kichaka hiki kikifa, cha mama kimekwisha.

Sikukichunguza. Nilikwenda moja kwa moja kwa huyo mdogo wangu anayeolewa, aliyekuwa anafua kando yake.

"Shikamoo, dada."

Sikuitikia. "Maji ya sabuni unamwaga wapi?"

"Si hapo hapo, siku zote. Hata mama alikuwa anamwaga hapo."

"Mama alifulia sabuni ya mche. Wewe unamwaga poda yako hiyo. Umeshapata kwako, basi kwetu pakauke?"

Alinyanyua beseni. "Marahaba nitajiitikia mwenyewe," akasema, akaondoka nalo.

Tangu siku hiyo maji yake aliyapeleka mpaka mtaro wa barabarani. Nilimwona, beseni kichwani, akishuka kati ya mawe akipapasa kwa unyayo kabla ya kukanyaga. Nilimhurumia, lakini sikumwita. Katika nyumba ile nilikuwa nimeamua kila kitu kwa miaka mingi, na hakukuwa na mkubwa wa kuniambia nimekosea. Badala yake kila jioni nilikimwagilia kichaka ndoo nzima, ili wageni wakikute na maua. Majani yakazidi kuanguka.

Asubuhi moja ndipo nilipokaa nacho kama ninavyokaa na nguo iliyonishinda. Niligeuza majani: hakuna mdudu, hakuna utando. Nilikwangua gome la tawi la juu kwa ukucha: ndani kijani. Nikashuka na ukucha, kijani kikafifia, kikawa kahawia. Karibu na ardhi sikuhitaji kukwangua; gome lilitoka lenyewe.

Nikatafuta panda ya shina, pale mama alipokuwa akipachika kipande cha sabuni akifua. Haikuwepo. Ilikuwa chini ya udongo.

Ndipo nikaelewa. Uwanja wetu una mteremko, na mimi ndiye niliyeagiza kifusi ili usawazishwe, viti vya wageni visiyumbe. Mafundi walikishindilia mpaka ukutani, kilipo kichaka, nami nikawasifu. Nilichimba. Harufu iliyotoka ilikuwa ya tope la mtaroni. Chini ni jabali, juu ni kifusi, katikati mizizi ilikuwa inaoza katika maji ya ndoo zangu.

Ningeweza kusema imeoza tu, nikanyamaza. Nilimwita.

"Ni kifusi," nikamwambia. "Ni mimi."

"Na maji yangu?"

"Maji yako hayana kosa. Nisamehe, mdogo wangu."

Aliliinamia shimo. "Kifusi cha wageni wangu."

"Ili viti visiyumbe."

"Si tungewaacha tu wayumbe, dada."

Akaenda kuleta lile beseni, tukaanza kuzoa kifusi kuzunguka shina. Tulikuwa tumechelewa, shina halikurudi. Lakini matawi ya juu yalikuwa bado na kijani, nikayakata na kuyapanda kwenye makopo. Siku ya sherehe wageni walikaa kwenye uwanja uliosawazishwa, nyuma yao fito tupu za kichaka. Mdogo wangu aliondoka na kopo moja mapajani, halina hata chipukizi. Yangu niliyobaki nayo yalikauka yote.

Baadaye alinipigia simu kutoka Bukoba. "Shikamoo, dada. Limechipua!"

"Marahaba, marahaba!" niliitikia, mara mbili.

"Na maji ya kufulia nalimwagia hilo hilo, usije ukanigombeza."

Tulicheka. Ameahidi kuniletea tawi likikomaa. Mimi maji yangu ya kufulia nayabeba mpaka mtaroni, nikishuka kati ya mawe yale yale. Hakuna kichaka cha kukiogopea tena, lakini kuyamwaga pale ukutani bado kunanishinda.