Siku Nilipojifanya Ordinateur

Mpaka leo nikimwona Baba Agnès soko la Likasi nageuza njia kama mwizi wa mihogo, na afadhali niwaambie mwenyewe kuliko mukaisikie kwa wengine, maana wanaongeza chumvi (ingawa yenyewe haihitaji chumvi).

Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipokufa na sisi walimu tukaishi miezi bila mshahara, wazazi ndio walitulisha unga, kwa hiyo nilitaka waone wanalisha muntu wa maana. Mtihani wa Serikali ulisahihishwa Kinshasa na ordinateur, yaani kompyuta, mashine ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona, hata minye mwenyewe, lakini niliwaandaa wanafunzi wa mwaka wa sita kana kwamba nalala nayo chumba kimoja: "Alama ikikosa nafasi yake, ordinateur haina huruma!" Kwa jaribio la mwisho nikatoboa kartoni kwa msumari wa moto, unaiweka juu ya karatasi ya mwanafunzi, majibu sahihi yanaonekana kwenye matundu, unahesabu, umemaliza. Na kwa kupenda sifa nikaamua kuwaita wazazi wote darasani na kusahihisha palepale, mbele yao.

Kwa alama, wa mwisho akatokea Agnès, binti aliyezoea kunirekebisha mimi ubaoni. Nikashtuka kidogo, nikaendelea. Baba yake akasimama.

"Mwalimu, iko kweli?"

"Ordinateur haikosee, baba, na haijue kubembeleza muntu."

Akamshika binti mkono. "Twende. Kesho utaenda na mama yako kule migodini Kamatanda, kuuzisha bachimbaji bukari."

Wakatoka wote wawili.

Wa kwanza akawa Kalenga. Kalenga mwenyewe akasimama, jasho linamtoka: "Monsieur, minye sikusoma hata ulizo moja. Nilitia tu ma-point ovyo."

Nikaitazama kartoni. Nilikuwa nimeiweka juu chini.

Wazazi walicheka mpaka mama mmoja akateleza kwenye benchi, minye huyo mbio na kartoni mkononi hadi kwa Baba Agnès, nikapiga magoti uani kwake, majirani wanachungulia juu ya ua.

"Baba, ile ordinateur ni minye! Minye njo nilikosa! Mutoto wako ni wa kwanza!"

Akayaangalia magoti yangu kwenye vumbi. "Weye ulisema haikosee. Sasa unaona unga yetu itapotea, unakuja kulia."

Nilirudi tena na tena, hakufungua mlango. Siku ya Mtihani wa Serikali, wenzake Agnès wakiwa ndani wanaandika, nilipita Kamatanda nikamkuta kati ya wachimbaji na sufuria lake la ugali. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alinijazia sahani.

"Kula, mwalimu. Mwezi hii tena habakulipe?"

Nilikula. Tangu hapo nasahihisha kwa macho yangu, karatasi moja moja, mara mbili, na alama za mutoto sizitaji tena mbele za watu, hata zikiwa nzuri.